KITI CHA NYUMA KATIKA BARABARA YA VISIGA

Magazeti yetu, hili likiwamo, yamezoea kuziandika habari za ajali kwa kuanza na basi au lori. Basi limepinduka, lori limekosa breki. Na motokaa ndogo iliyokuwamo katika mkasa huo huo hutajwa katika mstari wa mwisho, kana kwamba ilikuwa ikipita njia tu. Mazoea hayo yamejenga fikra katika vichwa vya wananchi, na hata vya watumishi wa serikali, kwamba hatari ya barabarani ni mali ya mabasi na malori, na kwamba mwenye gari lake dogo la familia, analoliendesha mwenyewe na kuliosha kila Ijumaa kabla ya sala, yumo katika hifadhi. Leo tunakusudia kuipinga fikra hiyo, na tutaipinga tukiwa tumesimama mahali pamoja, napo ni Visiga.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza Visiga inawahusu nini. Visiga ni kata ya Kibaha katika Mkoa wa Pwani, iliyo kando ya barabara kuu ya Morogoro, kabla hujafika Mlandizi. Wengi wanaijua kwa sababu ya seminari yake. Jirani yake ni Kwa Mfipa, ilipojengwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyofunguliwa Februari 2022, shule ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, ambako makada wa Chama kutoka visiwani na bara hukutana darasani. Kwa hiyo Mzanzibari ashukaye botini Dar es Salaam akaazima gari la shemeji yake wa Magomeni ili aende harusini Morogoro, au msibani Tanga kwa kupitia Chalinze, au ampeleke mwanawe shuleni Kibaha, hana budi kuishika barabara hiyo. Afisa wa serikali aendaye vikao vya Dodoma kwa gari naye hupita papo hapo. Ni kweli kwamba tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme huwapeleka watu Morogoro, na sisi tungefurahi kuona maafisa wengi zaidi wakiipanda. Lakini treni haifiki kwenye kila harusi, wala haifiki kwenye kila matanga.

Sasa tuitazame barabara yenyewe. Kutoka Kimara hadi Kibaha, umbali wa kilomita 19 na ushei, barabara ilipanuliwa kwa mradi ulioanza mwaka 2018 ikawa ya njia nane. Ni kazi ya kujivunia. Dereva hutoka mjini kwa raha, hapambani na mtu anayekuja uso kwa uso, mguu wake unazoea kukanyaga, na macho yake yanazoea upana. Kisha Maili Moja hupita, na ile njia pana hubanwa ikawa ya kwenda moja na ya kurudi moja. Malori yale yale yaendayo Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi sasa yako mbele yake katika mstari mmoja, mabasi ya mikoani yako nyuma yake, na bodaboda ziko ubavuni. Mwendo aliokuja nao kutoka njia nane hauachi Maili Moja. Huingia nao Visiga, penye watoto wa shule, wauza mkaa na akina mama wanaovuka kwenda sokoni.

Kwa dereva wa kisiwani jambo hili ni zito zaidi, na tunaomba radhi kwa kulisema wazi. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi, kutoka ncha ya Nungwi hadi ya kusini. Kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze peke yake ni zaidi ya kilomita mia moja, na Morogoro ni karibu kilomita 190. Mtu aliyeendesha miaka ishirini kati ya Mjini na Makunduchi ni dereva hodari wa kupishana na gari la ng'ombe na baiskeli iliyopakia majani. Anajua kungoja, anajua kupiga honi kwa adabu. Lakini hajawahi kukaa nyuma ya msururu wa malori saba yenye matela, usiku, huku taa kali za basi zikimpiga usoni. Ustadi huo ni mwingine, nao haumo katika leseni aliyopewa.

Tulipata nafasi ya kukaa na baadhi ya wenye magari wa Visiga, mchana mmoja, chini ya mwembe, mahali ambapo watu hunywa kahawa na kuzungumza habari za dunia. Alikuwapo mwalimu mstaafu mwenye Toyota Corolla ya miaka mingi, muuguzi aliyenunua gari kwa mkopo wa chama cha akiba, mfanyabiashara wa mbao, na kijana mmoja aliyejua bei za magari yote ya Japani kama mchuuzi anavyojua bei za nyanya. Hawa si wale waliokuwa wakiitwa Wabenzi katika siku za Azimio la Arusha. Ni wafanyakazi na wakulima waliojinyima ili familia isigombee daladala alfajiri. Zamani motokaa ndogo, Peugeot au Datsun, ilikuwa alama ya cheo, na katika miaka ile ya shida ya mafuta serikali ililazimika hata kuzuia magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Siku hizi gari dogo lililotumika huko Japani na kuletwa kwa meli limekuwa chombo cha nyumba, kama jiko na kitanda.

Mazungumzo yao yalituelimisha kuliko semina nyingi. Kijana yule alisifu injini isiyokula mafuta. Mfanyabiashara alisema yeye hutazama kwanza kimo cha gari, maana njia ya kuingilia kwake ina mashimo, na gari la chini hukwaruza tumbo. Muuguzi alitaka mlango unaofunguka vizuri kwa ajili ya mama yake mzee. Walibishana kwa muda mrefu juu ya gia za kujiendesha zenyewe na za mkono, na mwalimu aliyatetea ya mkono kwa maneno makali kidogo. Tulipouliza habari za mikanda, wote wanne walisema wanafunga. Tulipouliza wanafunga lini, mfanyabiashara alicheka na kukiri kwamba wengi hufunga wanapoona kofia nyeupe ya askari, na kwamba gari linalokuja likikupepesea taa, maana yake inajulikana kuanzia Kibaha mpaka Mbeya: mbele kuna tochi. Basi mguu hulegea, mkanda huvutwa, gari hupita kwa heshima, na baada ya mita mia tatu kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Faini imekuwa ndiyo ajali inayoogopwa.

Na tulipouliza habari za mkanda wa kiti cha nyuma, kimya kilitanda. Mwalimu alisema ipo, lakini hajui iko wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Katika familia zetu kiti cha nyuma ni kiti cha heshima na cha huruma. Bibi mzaa mama huketi nyuma. Mama mwenye mtoto mchanga huketi nyuma, na watoto watatu hubanana naye, na pengine wa nne hukaa juu ya mapaja. Katika magari ya serikali mheshimiwa huketi nyuma upande wa kushoto, na mafaili yake pembeni. Wale tunaowapenda na wale tunaowaheshimu tumewaweka mahali ambapo hapana mtu anayefunga mkanda. Dereva, ambaye ana usukani wa kushikilia na mkanda wa kumzuia, ndiye mwenye kinga. Wengine ni mizigo isiyofungwa. Tunasema mizigo kwa makusudi, kwa sababu lori la mbao lisilofungwa kamba halitaruhusiwa kutoka Mlandizi, lakini gari lenye wajukuu watano wasiofungwa hupita salama mbele ya askari, hata pengine likapigiwa saluti.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haina siasa. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria yetu imeuweka kuwa mwisho katika makazi ya watu kama Visiga, hupita mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 100 hupita mita 28. Mwendo umekuwa mara mbili, lakini nguvu ya mgongano huwa mara nne. Mtoto mchanga wa kilo 10, gari likisimamishwa na mgongano kutoka kilomita 50 kwa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde, huivuta mikono ya mama yake kwa uzito unaozidi kilo 140. Hakuna mama, hata awe na mapenzi ya namna gani, anayeweza kuubeba uzito huo kwa ghafla. Na abiria mzima wa nyuma asiyefungwa huenda mbele kwa mwendo ule ule gari lililokuwa nao. Akikutana na mgongo wa dereva, mkanda wa dereva hautamsaidia dereva sana. Baba aliyejifunga mwenyewe akawaacha wanawe bila kufungwa, amejikinga nusu.

Hesabu ya pili ni ya kulipita lori. Lori lenye tela lina urefu wa mita 20 hivi. Likiwa linakwenda kilomita 60 kwa saa, na motokaa yetu iko kilomita 80, dereva akiacha mita 20 nyuma yake na mita 20 mbele yake kama inavyopasa, atahitaji zaidi ya sekunde 11 kumaliza kulipita. Katika sekunde hizo atakuwa ametembea kama mita 250 upande usio wake. Basi linalokuja kwa mwendo wa kilomita 80 nalo litakuwa limetembea mita 250. Kwa hiyo dereva anahitaji kuiona nusu kilomita nzima ya barabara tupu kabla hajatoka. Ni nani kati yetu anayeona nusu kilomita mbele saa moja jioni, katika mwinuko na mteremko wa Visiga, na moshi wa lori usoni? Dereva hukisia. Akikisia vizuri mara mia, huanza kujiita mzoefu.

Tukizungumza habari hizi, haupiti muda kabla mtu hajasema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu tumeurithi, nasi hatuwadharau wahenga. Lakini tunavyouelewa, ulikusudiwa kumfariji aliyefikwa, ili asijilaumu mpaka akapotewa na akili. Haukukusudiwa kumpa ruhusa mtu ambaye bado hajafikwa. Kuna wengine, hasa kwetu pwani na visiwani, wanaokwenda mbali zaidi, wakasema kufunga mkanda ni kuonyesha shaka mbele ya kadari ya Mwenyezi Mungu. Hao tunawakumbusha somo ambalo kila mtoto aliyepita chuoni amelisikia kwa mwalimu wake: mtu mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, au amfunge, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kutawakali huja baada ya kamba. Hatuoni kwa nini kamba ya ngamia iwe ibada na mkanda wa motokaa uwe kufuru.

Tena sisi watu wa visiwani hatuna udhuru wa kutojua maana ya kujikinga. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Hakuna mtaa wa Unguja wala kijiji cha Pemba ambacho hakikusoma hitima. Tangu siku hizo abiria akiingia botini hutazama jaketi za kujiokolea ziko wapi, na mama humwuliza baharia kama ipo ya mtoto. Elimu hiyo imepatikana kwa gharama kubwa mno. Cha kushangaza ni kwamba mama huyo huyo, aliyeulizia jaketi ya mwanawe katika safari ya saa mbili baharini, hushuka bandarini, akaingia garini, akampakata mtoto kiti cha mbele kwa safari ya saa nne nchi kavu. Bahari tumeiogopa. Lami tunaidharau kwa sababu tunaikanyaga kwa miguu.

Na ikiwa kuna mahali katika nchi hii pasipopasa kuushangaa mkanda, ni Kibaha. Mwaka 1963 nchi za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, ziliafikiana na Tanganyika kujenga hapo kituo cha elimu, kilimo na afya, ambacho kilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970 na kuitwa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi, ambako majeruhi wa barabara ya Morogoro hupelekwa mpaka leo, chimbuko lake ni mradi huo. Basi huko Sweden, miaka minne kabla ya maafikiano hayo, mhandisi wa kiwanda cha Volvo aitwaye Nils Bohlin alibuni mkanda wa ncha tatu, huu upitao begani na kiunoni ambao umo katika kila gari letu. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya marubani wa ndege za kivita. Kiwanda kiliiacha hataza yake wazi ili watengenezaji wengine wote waitumie. Sisi tuliozoea kusikia makampuni yakigombania kila senti tunaona jambo hilo linastahili kusimuliwa. Watu wale waliotujengea hospitali ya kutibu majeraha walikuwa wamekwisha kuipa dunia njia ya kuyapunguza, nasi tumepokea hospitali na kuuacha mkanda chini ya kiti.

Kibaha hiyo hiyo ndiko kilikokuwa kiwanda cha TAMCO, kilichounganisha malori ya Scania katika zama za viwanda vya umma, na ndiko liliko Shirika la Nyumbu la jeshi letu, ambako wahandisi wa Kitanzania walijaribu kutengeneza gari la nchi hii. Mkoa wa Pwani, kwa hiyo, una haki ya kusema juu ya magari, na ungefaa uwe wa kwanza kusema.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa walio ndani ya gari kwa kadiri ya nusu, na kwamba kiti maalumu cha mtoto hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilihesabu watu milioni 1.19 wanaouawa na barabara kila mwaka duniani. Hatuhitaji kuongeza chumvi katika tarakimu kama hizo.

Sasa tunawageukia wenye madaraka, nao ni wasomaji wetu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake ya baadaye, iliwalazimisha dereva na abiria wa mbele kufunga mkanda, lakini kwa miaka mingi ilikaa kimya juu ya abiria wa nyuma na juu ya viti vya watoto. Wanasheria na wanaharakati wamelisemea jambo hilo mara nyingi. Polisi ni jambo la Muungano, lakini sheria za barabarani kila upande una zake. Kwa hiyo Bunge na Baraza la Wawakilishi yana kazi moja ya kufanya katika kumbi mbili. Tunapendekeza wasingojeane. Abiria anayetoka Mkokotoni kwenda Kilosa hapaswi kubadilisha thamani ya maisha yake anapovuka mkondo wa bahari.

Mabasi ya mikoani yamewekewa vifaa vya kufuatilia mwendo na mamlaka ya usafiri ardhini, na tangu Oktoba 2023 yaliporuhusiwa kusafiri usiku na mchana, masharti yake yamezungumzwa sana. Hilo ni jema. Lakini motokaa ya familia haina kifaa hicho, haina dereva wa pili, haina anayemwambia baba mwenye nyumba kwamba amekwisha choka. Yeye mwenyewe ndiye mmiliki, ndiye dereva, ndiye mkaguzi, na mara nyingi ndiye fundi. Ametoka kazini saa kumi, amepakia watu saa kumi na mbili, anataka kulala Morogoro. Hatujui sheria gani inayoweza kumfikia mtu huyo isipokuwa mkewe.

Kuna wanaodhani mambo ya mazoea hayabadilishwi kwa amri. Tunawakumbusha tena habari za Sweden: usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba 1967 nchi ile iliyahamisha magari yake yote kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda kulia, baada ya maandalizi ya miaka minne, na wananchi wakaamka asubuhi wakafuata. Ikiwa taifa zima liliweza kubadili upande wa barabara, sisi hatutashindwa kuvuta mkanda wa urefu wa mkono.

Lakini amri peke yake haitoshi kama anayeitoa hakai nayo. Tungependa kuona agizo dogo lisilohitaji bajeti: gari lolote la serikali, la Chama, la shirika la umma, la wilaya au la mkoa, lisiondoke mpaka kila aliyemo amefunga mkanda, na dereva awe na mamlaka ya kumngoja mkubwa wake. Tunajua ugumu wake. Dereva wa serikali hawezi kumwambia mkurugenzi, "Mheshimiwa, funga mkanda," kisha akazima injini. Kwa hiyo agizo liandikwe na wakubwa wenyewe ili mdogo asionekane mjeuri.

Taifa hili linaujua uchungu wa jambo hili. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, akitoka Dodoma kurudi Dar es Salaam, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani Morogoro. Ni barabara yetu hii hii. Alikuwa bado hajafika Chalinze, wala Mlandizi, wala Visiga, ambako wananchi walisikia habari hizo redioni jioni ile wakaacha kazi zao. Hatumtaji marehemu ili kuhukumu lolote juu ya siku ile. Tunamtaja kwa sababu barabara haikumwona kuwa ni mkubwa.

Limebaki suala la magari yenyewe, nalo tutalipitia kwa haraka. Gari lililotumika Japani mara nyingi huja na mikanda yote mitano na mifuko ya hewa inayofanya kazi. Hufika likiwa zima, kisha huharibiwa hapa. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi, fundi wa mtaani huizima kwa kukata waya, na mwenye gari hufurahi kwamba taa imezimika. Kengele ya mkanda ikisumbua, duka la vipuri lina kichwa cha chuma cha kuchomeka ili inyamaze. Matairi hununuliwa kwa kutazama meno tu. Msomaji alitazame ubavu wa tairi lake: mwishoni mwa herufi ndefu zilizopo kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hata kama meno yake ni mazuri, jua la bandari na la Visiga limekwisha kulikausha. Na mtoto mchanga aliyelazwa katika kiti chake kwa kuelekea nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa ulio hai; mahali pake ni nyuma. Mwenye gari awe pia na pembetatu mbili za kuakisi mwanga, maana matawi ya miti yanayotandazwa nyuma ya lori bovu huonekana mchana tu.

Turudi kwenye mkanda uliopotea. Kabla hatujaondoka Visiga, mwalimu mstaafu aliinuka, akafungua mlango wa nyuma wa gari lake, akaingiza mkono kati ya makalio na mgongo wa kiti. Akatoa senti, akatoa kalamu, akatoa tasbihi ya mkewe iliyokuwa ikitafutwa tangu Ramadhani. Vichwa vya kufungia mikanda vilikuwa vimefukiwa chini ya kava la viti, lile jekundu lenye nakshi, alilolishonesha mwaka alioliingiza gari nchini. Fundi wa kava alikuwa amelivuta vizuri sana, halina hata mkunjo, na matundu hakuyaacha. Kijana wa bei za magari alisema karibu magari yote anayoyajua yako hivyo.

Tangu hapo tumekuwa tukitazama. Katika maegesho ya bandarini, nje ya ofisi za serikali, mbele ya misikiti siku ya Ijumaa, kava ni zile zile na matundu hayapo. Mafundi wa kava wa Kariakoo na wa Darajani wanajulikana, nao ni wepesi kusikia wateja wao. Mkasi unatosha, na kazi yenyewe, kwa gari la mwalimu, ilimalizika kabla kahawa haijapoa.